Kura Ikiharibika, Nani Kaiharibu?

Matokeo ya urais yanapotangazwa, kuna tarakimu moja ambayo mwenyekiti wa tume ya uchaguzi huisoma haraka na wasikilizaji huiacha ipite: idadi ya kura zilizoharibika. Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa 2015 zilikuwa 402,248, yaani asilimia 2.58. Watu laki nne na ushee walijiandikisha, wakaamka alfajiri, wakapanga foleni, wakachovya kidole kwenye wino, na usiku ulipoingia kura zao hazikuwekwa kwenye fungu la mgombea yeyote. Kesho yake taifa zima liko kwenye swali la nani kashinda, na hao laki nne hakuna anayeuliza habari zao.

Akitokea wa kuuliza, jibu huwa limeshaandaliwa: wapiga kura hawana elimu ya kutosha, hawasikilizi maelekezo, wana haraka. Jibu hilo utalisikia Nairobi na Dar es Salaam, na limewahi kusikika Florida na Glasgow vilevile, kwa maneno yanayokaribiana sana. Binafsi naliona ni jibu la uvivu, na kwa sehemu kubwa si la kweli. Ushahidi uliokusanywa katika nchi mbalimbali, hasa tangu mwaka 2000, unaonyesha kwamba makosa mengi ya kura huzaliwa mezani kwa mtu aliyepanga karatasi, wiki kadhaa kabla mpiga kura hajakanyaga kituoni.

Lakini ili tulijadili hili kwa haki, lazima tukubali kwanza kwamba fungu linaloitwa "kura zilizoharibika" limebeba vitu visivyofanana. Ndani yake kuna aliyeandika matusi makusudi, aliyeiacha karatasi tupu kwa sababu hamtaki hata mmoja, aliyeweka alama mbili kwa kutoelewa, aliyeelewa vizuri ila wino ukamponza, na yule ambaye kura yake ilikuwa sawa kabisa mpaka ilipofika mikononi mwa mhesabuji mkali. Kuwaweka wote kapu moja na kuwaita wasiojua ni kujinyima nafasi ya kujua tatizo liko wapi.

Kisa kinachojulikana zaidi duniani ni cha kaunti ya Palm Beach, jimbo la Florida, katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa Novemba 2000. Inafaa kukitazama kwa karibu, kwa sababu wengi wanajua jina lake tu bila kujua ni nini hasa kilikuwa mbele ya macho ya mpiga kura.

Kaunti hiyo ilitumia kadi za kutoboa. Mpiga kura alichomeka kadi kwenye kifaa, juu yake kikawepo kijitabu chenye majina ya wagombea, kisha akachukua kijiti cha chuma na kutoboa tundu lililo mkabala na jina alilolitaka. Msimamizi wa uchaguzi wa kaunti, Theresa LePore, alikuwa na wasiwasi wa kweli: Palm Beach ina wastaafu wengi, na mwaka ule wagombea wa urais walikuwa wengi kuliko kawaida. Majina yote yakibanwa kwenye ukurasa mmoja, maandishi yangekuwa madogo na wazee wasingeyaona. Akaongeza ukubwa wa herufi. Majina yakakosa nafasi, yakagawanywa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na safu ya matundu ikabaki moja tu, katikati.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ukurasa wa kushoto, jina la kwanza juu lilikuwa George W. Bush, la pili chini yake Al Gore. Ukurasa wa kulia, jina la juu lilikuwa Pat Buchanan, limekaa kimo cha kati ya Bush na Gore. Kwa hiyo tundu la kwanza lilikuwa la Bush, la pili la Buchanan, la tatu la Gore. Mtu anayesoma orodha ya kushoto kutoka juu kwenda chini, kama tulivyofundishwa sote shuleni, anamwona Gore ni wa pili, na mkono wake unakwenda tundu la pili. Kulikuwa na mishale midogo ya kuelekeza. Lakini kwa mzee aliyesimama, kadi imo ndani ya kifaa, kijiti mkononi, mishale ile ilikuwa msaada hafifu.

Buchanan alipata kura 3,407 Palm Beach. Katika kaunti jirani ya Broward, yenye watu wengi zaidi, hakufikisha 800. Buchanan mwenyewe alikiri hadharani kwamba nyingi kati ya hizo huenda hazikuwa zake. Zaidi ya hapo, kadi zipatazo 19,000 zilikataliwa kwa kutobolewa mara mbili kwenye kiti cha urais, na katika hizo kadi 5,330 zilitobolewa Gore na Buchanan kwa pamoja. Mtu aliyetoboa hivyo alikosea, akagundua, akajaribu kurekebisha, na kurekebisha kwenyewe kukaiua kura. Bush alichukua Florida nzima, na kwa hiyo urais, kwa tofauti ya kura 537.

Watetezi wa karatasi ile walikuwa na hoja ambayo haifai kudharauliwa. Mfano wa karatasi ulitangazwa mapema. Vyama vilipewa nafasi ya kuupinga na havikupinga. Maelfu kwa maelfu ya watu walitoboa bila shida yoyote. Mahakama ya Juu ya Florida nayo ilisema karatasi haikuvunja sheria kwa kiwango cha kubatilisha uchaguzi. Basi kama wengi waliweza, walioshindwa wajilaumu wenyewe.

Udhaifu wa hoja hiyo unaonekana pale unapouliza makosa yenyewe yalikaa wapi. Uzembe wa binadamu hauna mtaa wala kaunti. Ukiuachia wenyewe, utatawanyika huku na huko. Mzembe wa Broward hatofautiani na mzembe wa Palm Beach, na mzembe hana sababu ya kumwangukia Buchanan kuliko mgombea mwingine. Watafiti sita wa sayansi ya siasa waliochapisha uchambuzi wao mwaka 2001 katika jarida la American Political Science Review walilinganisha kaunti hiyo na kaunti nyingine kote Marekani, kisha wakafanya jambo la maana zaidi: wakawatazama wakazi wa Palm Beach waliopiga kura kwa posta. Hao walikuwa na karatasi ya aina nyingine, ambayo majina yote yalikuwa katika safu moja. Miongoni mwao, sehemu iliyomwendea Buchanan ilikuwa karibu robo tu ya ile ya siku ya uchaguzi. Kaunti ileile, wagombea walewale, karatasi tofauti. Hitimisho lao lilikuwa kwamba zaidi ya wafuasi 2,000 wa Democratic, chama cha Gore, walimpigia Buchanan bila kukusudia. Idadi hiyo inazidi ile tofauti ya 537 karibu mara nne.

Kwa maoni yangu, kipimo cha kutenganisha kosa la mtu na kosa la karatasi kiko hapo. Badilisha karatasi, wapiga kura wabaki walewale. Makosa yakibaki palepale, tuzungumze habari ya elimu. Yakihama pamoja na karatasi, mwenye kuulizwa ni aliyeipanga.

Florida ilikuwa na mifano mingine mwaka uleule ambayo haikupata umaarufu. Kaunti ya Duval, ambako ndiko Jacksonville, ilitandaza wagombea wa urais kwenye kurasa mbili zinazofuatana, na mfano wa karatasi uliotolewa kabla ya uchaguzi uliwahimiza watu wapige kura kila ukurasa. Watu wakatii. Wakachagua rais ukurasa wa kwanza, wakafunua, wakachagua rais mwingine ukurasa wa pili. Kadi zipatazo 22,000 zikatupwa, maelfu kati yake zikiwa za mitaa ya Wamarekani weusi. Ukitaka kuwaita watu hao wasiosikiliza maelekezo, utakwama: maelekezo ndiyo waliyoyafuata.

Tofauti nyingine ilitokana na mashine za kusoma karatasi. Pale ambapo mashine ilikuwa kituoni na ikairudisha karatasi yenye alama mbili mbele ya mwenyewe, ili apewe nyingine, zilizoharibika hazikufika hata asilimia 1. Pale ambapo karatasi za aina hiyohiyo zilikusanywa na kupelekwa kusomwa makao makuu ya kaunti, ziliharibika zaidi ya asilimia 5. Kuambiwa "umekosea, rudia" kulitosha kuokoa kura nne kati ya kila tano ambazo zingepotea.

Uskoti ilipata somo kama hilo tarehe 3 Mei 2007. Siku hiyo wananchi walichagua bunge lao na halmashauri zao kwa pamoja. Kura mbili za bunge, moja ya mbunge wa jimbo na moja ya orodha ya chama kwa mkoa, ziliwekwa kwenye karatasi moja yenye safu mbili, tofauti na miaka ya nyuma zilipokuwa karatasi mbili. Juu yake pakaandikwa kwamba una kura mbili. Baadhi ya watu wakaweka alama zote mbili upande mmoja. Kibaya zaidi, karatasi ya halmashauri ilitaka tarakimu, 1, 2, 3, kwa mfumo mpya wa kupanga wagombea kwa upendeleo, ilhali ya bunge ilitaka alama ya X. Kisha chama cha SNP kilijiandikisha kwenye orodha ya mkoa kwa maneno ya kumnadi kiongozi wake, Alex Salmond, ili kikae juu kwa mpangilio wa alfabeti, na mpiga kura aliyetafuta jina la chama hakulikuta pale alipolizoea. Glasgow na Lothian vyama vilikuwa vingi mno, maelekezo yakafupishwa ili majina yaenee.

Kura zaidi ya 140,000 zilikataliwa. Kwenye viti vya majimbo, asilimia iliyokataliwa ilifika 4, wakati uchaguzi wa 2003 haikufika hata 1. Katika jimbo la Glasgow Shettleston ilikuwa asilimia 12. SNP ilishinda viti 47, Labour 46. Ron Gould, mtaalamu wa uchaguzi kutoka Canada aliyeitwa kuchunguza, hakuandika kwamba Waskoti ni wajinga. Aliandika kwamba katika maamuzi yote yaliyofanywa na serikali, vyama na watendaji, maslahi ya mpiga kura ndiyo yaliyosahaulika. Uchaguzi uliofuata wa bunge, 2011, karatasi zilitenganishwa tena na halmashauri zikahamishiwa mwaka mwingine. Zilizokataliwa hazikufika asilimia 0.5. Sidhani kuna anayeamini kwamba Waskoti walielimika ghafla katika miaka minne.

Australia inatupa funzo jingine, kwamba karatasi moja inaweza kuharibu ya jirani yake. Kwa miaka mingi kura za Seneti ziliharibika sana kwa sababu mtu alitakiwa kuwapanga wagombea wote kwa namba, na wagombea ni wengi. Mwaka 1984 wakarahisisha: weka namba 1 kwa chama kimoja, basi. Zilizoharibika za Seneti zikashuka kutoka karibu asilimia 10 hadi chini ya 5. Lakini siku hiyohiyo, kwenye karatasi ya Baraza la Wawakilishi, ambako bado ilikuwa lazima kuwapanga wote, zilizoharibika zikapanda kutoka karibu asilimia 2 hadi zaidi ya 6. Watu walijifunza kanuni moja wakaitumia kotekote. Mwanadamu yeyote mwenye akili timamu angefanya hivyo.

Ushahidi mzito kuliko yote, kwangu, ni wa Brazil. Hadi katikati ya miaka ya 1990, Mbrazili aliyetaka kuchagua mbunge alipewa karatasi akaandike jina au namba ya mgombea kwa mkono wake. Kwa nchi yenye mamilioni ya watu wasiojua kusoma, matokeo yalitabirika: zaidi ya kura moja kati ya tano ilikuwa tupu au imeharibika. Katika uchaguzi wa wabunge wa 1998 ilitumika mashine yenye vitufe vya namba kama vya simu. Unabonyeza namba, picha ya mgombea inatokea, unathibitisha. Mashine hazikutosha nchi nzima, hivyo mwaka huo zikapelekwa kwenye miji yenye wapiga kura zaidi ya 40,500 tu. Mchumi Thomas Fujiwara aliona nafasi ya pekee katika kikomo hicho. Mji wenye wapiga kura pungufu kidogo ya kikomo hicho na ule uliokizidi kidogo haina tofauti ya elimu wala kipato. Kilichoitenganisha ni mashine tu. Utafiti wake, uliotoka mwaka 2015, ulikuta kwamba kura halali ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 10 ya kura zote pale mashine ilipofika.

Hakuishia hapo. Waliookolewa na mashine walikuwa maskini na wasiosoma. Kura zao zilipoanza kuhesabiwa, majimbo yaliongeza matumizi ya afya ya umma, akina mama wasio na elimu wakapata huduma zaidi za kliniki wakati wa ujauzito, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo wakapungua. Naomba msomaji alitafakari hili polepole. Mpangilio wa kitu kinachowekwa mbele ya mpiga kura ulifika hadi kwenye uzito wa mtoto mchanga.

Brazil inatuonyesha pia kwamba swali la karatasi au mpiga kura, likiulizwa kama lazima umchague mmoja, lina kasoro. Mtu asiyejua kuandika ana upungufu kweli. Hakuna haja ya kulificha hilo. Ila upungufu huo hauna madhara yoyote kwa kura yake mpaka mtu mwingine aamue kwamba sharti la kupiga kura ni kuandika. Profesa na mvuvi wote hupita salama kwenye karatasi nzuri. Mbaya humpitisha profesa na kumnasa mvuvi. Ndiyo maana karatasi mbaya haipotezi kura kwa usawa. Inachagua wazee, wanaopiga kura kwa mara ya kwanza, wenye macho hafifu, wa vijijini. Na kwa kuwa hao mara nyingi wana maslahi yao na vyama vyao, kosa la mpangaji linageuka upendeleo hata kama hakukusudia.

Tuje nyumbani. Machi 2013 Kenya ilifanya uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, na mpiga kura alikabidhiwa karatasi sita kwa mpigo: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Ili kusaidia, kila karatasi ilipewa rangi yake na sanduku la mfuniko wa rangi hiyo. Hilo lilikuwa wazo jema, ingawa rangi zinazokaribiana ndani ya darasa lenye mwanga hafifu zinaweza kumchanganya mtu yeyote. Matokeo ya awali yalipoanza kuonekana kwenye skrini za ukumbi wa Bomas, kura za nchi nzima zilikojumlishwa, kura zilizokataliwa zilikuwa zimepita 300,000. Nchi ikashtuka. Lawama zikamiminwa kwa wapiga kura na kwa elimu ya uraia iliyochelewa. Ikasemwa karatasi sita zimewashinda.

Baadaye tume ilieleza kwamba programu ya kompyuta ilikuwa na hitilafu: ilikuwa ikizizidisha kura zilizokataliwa mara nane. Idadi halisi ya mwisho ilikuwa 108,975. Kwa siku kadhaa Wakenya walituhumiwa kwa kosa lililofanywa na mashine, na karibu kila mtu aliamini bila kusita, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba raia wa kawaida ndiye mkosaji.

Hata hiyo idadi halisi haikuwa ndogo. Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433 kati ya 12,330,028 zilizopigwa, asilimia 50.07. Alivuka nusu kwa kura zipatazo 8,400 tu, huku zilizokataliwa zikiwa zaidi ya 100,000. Je, kura iliyokataliwa ni kura iliyopigwa? Katiba inasema mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Mahakama ya Juu iliamua kwamba zilizokataliwa zisihesabiwe katika kutafuta nusu hiyo, na asilimia ya Uhuru ikapanda hadi 50.51. Nauelewa msingi wa kisheria wa uamuzi huo. Lakini una athari moja ambayo haizungumzwi: kura iliyokataliwa ikishatolewa kwenye hesabu zote, hakuna mwanasiasa mwenye sababu ya kuililia, na tume haina wa kuibana iboreshe karatasi. Mwaka 2022 zilikataliwa 113,614. Miaka tisa baadaye, tuko palepale.

Tanzania takwimu zake zinatia moyo kidogo. Mwaka 2010 kura za urais zilizoharibika zilikuwa 227,889, asilimia 2.64. Mwaka 2015 ni zile 402,248, asilimia 2.58. Mwaka 2020 zikawa 261,755, asilimia 1.73. Karatasi yetu ina mambo mazuri ambayo Palm Beach ingeyatamani: picha ya mgombea, nembo ya chama, na kisanduku cha kuweka alama ya vema kwenye mstari uleule. Asiyejua kusoma anaweza kumtambua anayemtaka. Ila mambo mengi yalitofautiana kati ya 2015 na 2020, pamoja na mazingira ya kisiasa na idadi ya waliojitokeza ikilinganishwa na waliojiandikisha, kwa hiyo sitathubutu kusema kushuka huko ni kazi ya karatasi. Ugumu ni huu: tunajua ngapi, hatujui kwa nini. Zanzibar, ambako mpiga kura mmoja hupokea karatasi tano kutoka tume mbili, ya Muungano na ya visiwani, ndiko ningependa zaidi kuona uchambuzi wa sababu. Uskoti ilivurugwa na karatasi mbili.

Kuna chumba kimoja ambacho mijadala hii hukisahau, nacho ni darasa la shule saa nne usiku, kura zikihesabiwa. Msimamizi wa kituo ameshinda hapo tangu kabla ya jua kuchomoza. Anainua karatasi, anawaonyesha mawakala. Vema imeanzia ndani ya kisanduku cha mgombea wa tatu, lakini mkia wake mrefu umepanda hadi kwenye kisanduku cha wa pili. Wakala mmoja anasema halali, mwingine anasema imegusa wawili, imeharibika. Karatasi inayofuata ina alama ya X badala ya vema. Inayofuata, alama imewekwa juu ya picha ya mgombea, kisanduku kiko tupu. Nyingine ilikunjwa wino ukiwa mbichi, na kivuli cha alama kimejichapa upande wa pili.

Katika karatasi zote nne, nia ya mpiga kura inasomeka. Sheria za Uingereza, na kanuni za Kenya zilizorithi mengi kutoka huko, zinakubali kwamba alama iliyokaa pasipo mahali pake isiiue kura kwa sababu hiyo pekee iwapo nia ni dhahiri. Lakini kati ya kanuni iliyoandikwa na msimamizi aliyechoka, aliyezungukwa na mawakala wanaozozana, pana safari ndefu. Msimamizi mkali na msimamizi mpole, katika vyumba viwili vya shule moja, wanaweza kutoa idadi tofauti za kura zilizoharibika kutoka karatasi zinazofanana. Hapo si mpiga kura aliyekosea wala si mchapaji.

Nao wanaoharibu kwa makusudi wapo, na wana haki yao. Ufaransa tangu 2014 inahesabu kura tupu mbali na zilizoharibika, ili aliyesema "simtaki yeyote" asichanganywe na aliyekosea. Ni hatua ndogo yenye heshima ndani yake. Ingetusaidia pia sisi kupima: kama nusu ya zilizoharibika ni karatasi tupu, tatizo ni la siasa, kama nusu zina alama mbili, tatizo ni la karatasi.

Wapo wanaodhani dawa ni mashine, kwa kuwa Brazil ilifaulu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo inatufundisha tahadhari. Mwaka 2011 wagombea ubunge zaidi ya 18,000 waliwania viti 500, na katika baadhi ya maeneo ya Kinshasa karatasi ya kura ilikuwa na kurasa nyingi kama gazeti, mpiga kura akifunua na kufunua akimtafuta mtu wake. Kwa hiyo hoja ya kuleta mashine za skrini katika uchaguzi wa Desemba 2018 ilikuwa na mashiko. Lakini mashine ziliingia kwenye nchi ambayo upinzani haukuiamini tume, na kwa Kifaransa zikabandikwa jina la mashine za kuiba. Kifaa kilichoondoa tatizo la kurasa kilileta shaka kubwa kuliko kurasa zenyewe.

Kinachohitajika kwetu ni cha bei nafuu zaidi. Karatasi ya kura ijaribiwe na watu kabla ya kuchapwa. Tume inayochapa mamilioni ya nakala bila kumpa hata bibi mmoja wa Newala au Turkana aijaribu inashona kanzu ya mtu isiyempima. Watu mia kadhaa wa vijiji na mitaa mbalimbali wangetosha kuonyesha wapi mkono unakosea, na bado pangekuwa na muda wa kusogeza mstari. Pili, mpiga kura aambiwe waziwazi, kwa bango la herufi kubwa ndani ya kituturi, kwamba akikosea kabla ya kutumbukiza karatasi anaweza kuirudisha akapewa nyingine. Haki hiyo ipo. Wengi hawaijui, na wanaoijua huona haya kurudi mbele ya karani na foleni ikiwatazama. Zile mashine za Florida zilizorudisha karatasi zilifanya kazi hiyohiyo ya kumpa mtu nafasi ya pili, bila kumwaibisha.

Tatu, na hili ndilo ningelisukuma kwanza, tume zitangaze sababu. Uingereza, msimamizi wa jimbo akitangaza kura zilizokataliwa, huzigawa: zisizo na mhuri, zilizochagua zaidi ya mmoja, zenye alama ya kumtambulisha mpiga kura, zilizo tupu au zisizoeleweka. Ni mistari minne tu kwenye fomu. Msimamizi wa kituo chetu tayari anajua sababu ya kila karatasi anayoiweka pembeni, kwa kuwa ameieleza mbele ya mawakala. Ujuzi huo unapotea pale anapojumlisha na kuandika namba moja. Mistari hiyo minne ikijazwa kituo kwa kituo, tutaweza kuona kama alama mbilimbili zimejaa kata zile ambazo karatasi ya udiwani ilikuwa na wagombea wengi, au kama karatasi tupu zimeongezeka pale mgombea wa chama fulani alipoenguliwa. Mpaka hapo tutakapokuwa na fomu hiyo, kila anayesema wapiga kura wetu hawajui kupiga kura anasema jambo asiloweza kulithibitisha, juu ya watu waliopanga foleni tangu alfajiri.